Watoto Sita Waliozaliwa na Kitufe

Kaka yangu ana mtoto mmoja wa kike. Kwa wiki tisa serikali iliamini anao saba, wote wa kike, wote jina moja, wote wamezaliwa dakika ile ile, na aliyesababisha ni mimi. Nalisema mapema ili nisionekane nimekuja kujitetea. Kujitetea nilijitetea wakati ule, tena kwa ufundi mkubwa.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Tuko wanne katika kampuni, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, kwa hiyo ofisi inanuka mpira na sisi tunarudi na harufu hiyo nyumbani kila jioni. Bosi wetu tunamwita Mheshimiwa. Hajawahi kugombea cheo chochote. Ana tu namna ya kuingia chumbani kama mtu anayengoja watu wasimame. Yeye ndiye aliyetuletea kazi ya ofisi ya vizazi: kutengeneza fomu ya mtandaoni ambayo mzazi ataijaza kwa simu yake kuandikisha mtoto mchanga, asihangaike na foleni. Aliwaahidi wiki sita bila kutuuliza, kisha akatupongeza kwa kukubali.

Fomu niliiandika mimi. Jina la mama, jina la baba, tarehe, saa, hospitali, na chini kabisa kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa WASILISHA. Niliijaribu ofisini, ambako intaneti inapita kwenye waya na haina shida na mtu. Nikabonyeza mara moja, ikajibu papo hapo, nikaona nimemaliza kazi ya Mungu.

Siku ya kuikabidhi, karani mkuu wa ofisi ya vizazi alikuja kuiona. Mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, amekaa kwenye dirisha lile lile miaka ishirini na minane. Alijaza fomu polepole kwa kidole kimoja, akabonyeza kitufe, kisha akabonyeza tena.

"Mbona mara mbili, mama?" nikamuuliza.

"Sijaona kitu."

"Subiri kidogo tu, itajibu."

"Mwanangu, watu hawasubiri. Mtu akipiga hodi asiitikiwe, anapiga tena. Sasa nikibonyeza mara mbili, si itaandika watoto wawili?"

Nilicheka. Nilicheka kwa upole, kile kicheko tunachofundishwa chuoni bila kukiandika kwenye mtaala. Nikamweleza kwamba mtumiaji makini hubonyeza mara moja. Mheshimiwa akaongeza kwamba mfumo ni wa kisasa, jambo ambalo halikuwa jibu la swali lolote. Karani akavaa miwani yake, akaandika neno moja kwenye daftari lake dogo. Nilikuwa karibu, nikalisoma: "Nimeuliza."

Miezi miwili baadaye mke wa kaka yangu akajifungua. Mimi humwita wifi, naye huniita wifi, na kaka kila akisikia tunaitana huchungulia simu yake na kusema, "Yuko wapi? Mbona mtandao haujashika?" Mzaha huo una miaka sita. Sisi wawili tumeshauzika. Yeye kila siku anaufukua.

Kaka ni fundi wa lifti. Siku ile alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, usingizi umemwelemea na furaha imemzidi, akafungua fomu yangu. Pale hospitali mtandao wa simu unasuasua kama mzee anayepanda ngazi. Akajaza kila kitu, akabonyeza WASILISHA. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akainuka, akanyoosha simu juu dirishani, akabonyeza. Alibonyeza mara saba kwa jumla, na dakika chache baadaye simu ikaanza kulia ndani ya mfuko wake kama kuku aliyetaga.

Akanipigia. "Mdogo wangu, serikali yako imenipongeza mara saba."

"Meseji ndizo zilizojirudia," nikamwambia. "Ndani umeingia mara moja."

Nilijuaje? Sikujua. Lakini nilisema kwa ile sauti ya mtaalamu, na kaka yangu, mtu anayetundika maisha ya watu kwenye kamba za chuma na hawezi kukosea hata kipimo cha skrubu, akaniamini.

Mtoto alikuwa mnono, mashavu yamemmeza macho. Kabla kitovu hakijadondoka tulikuwa tumeshampa jina la utani, Bonge. Wiki ya sita wifi akampeleka kliniki, Bonge akachomwa sindano, akapiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja kuulizia. Kila mtu akajua amechanjwa. Kompyuta tu ndiyo iliyobaki inangoja wengine sita.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikuwa kwa kaka nimekaa sebuleni nakunja nepi. Mtu akapiga hodi. Alikuwa nesi mrefu, viatu vyeupe vimejaa vumbi, boksi la chanjo begani, faili kwapani.

"Mama wa watoto saba ni yupi?"

Tukatazamana.

"Labda nyumba ya pili," wifi akamwambia kwa heshima.

Nesi akafungua faili. Akasoma jina kamili la wifi, jina la kaka, mtaa, namba ya nyumba. "Ulijifungua saba kwa mpigo. Hongera, na pole. Kliniki umemleta mmoja. Sita wako wapi?"

"Sita gani?"

"Ndilo swali langu."

"Dada, mimi nina mtoto mmoja. Huyu hapa."

"Huyu namwona. Siulizi huyu."

Nesi akaomba kuona vyumba. Hakuomba kwa ukali. Aliomba kama mtu aliyezoea kufichwa mambo. Akaingia chumbani, akainama chini ya kitanda. Akafungua kabati la nguo, akasogeza makoti. Akahesabu chupa za maziwa, akahesabu nepi nilizokunja, akaniuliza kwa nini ziko nyingi hivyo kwa mtoto mmoja. Wifi akamwambia amtazame Bonge vizuri, atapata jibu. Kaka akamfuata nyuma kutoka chumba hadi chumba huku akirudia, "Mama, watoto saba tungewaficha wapi? Hata sisi wenyewe hatuenei."

Hapo wifi akageuka, akanitazama. Akanitazama vile ambavyo wifi mtu huweza kukutazama mara moja tu maishani.

"Ile fomu," akasema, "si uliitengeneza wewe?"

"Kwa sehemu," nikajibu.

"Sehemu gani?"

"Yote."

Nesi hakupendezwa na mambo ya fomu. Akaandika mbele yetu: sita hawajaonekana. "Mimi naandika ninachokiona," akasema, "na hao sijawaona. Mna siku kumi na nne. Msipoleta maelezo, faili linakwenda ustawi wa jamii, na wale hawapigi hodi kama mimi." Akambonyeza Bonge shavu, akaaga, akaondoka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa dirishani kwa karani mkuu, kaka na mimi. Alinitambua. Aliizungusha skrini tuione. Mistari saba, imepangana kama wanafunzi mstarini, jina moja, saa moja, tofauti ni namba tu.

"Mtoto wenu ni yupi hapa?" akauliza.

"Wote ni yeye," kaka akasema.

"Hapana. Kadi yake ya kliniki ina namba ya mstari wa nne. Kwa hiyo wa nne ndiye aliyechanjwa. Hawa sita hawajachanjwa, na mimi siwezi kusema hawapo, maana hawa hapa."

"Basi wafute."

Karani akavua miwani. "Baba, mfumo huu haufuti mtoto. Una sehemu mbili tu. Sehemu ya kusahihisha jina, na sehemu ya kuandika kwamba amefariki. Ukitaka hawa sita waondoke, niletee vibali sita vya mazishi."

"Nani mwendawazimu aliyepanga hivyo?"

Karani akanitazama. Mimi nikaikazia macho feni ya dari, ambayo ghafla niliiona ina mengi ya kunifundisha. Ni kweli, nilikuwa nimepanga hivyo. Nilifikiri kwa kina, nikaona mtu akishazaliwa hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo kitufe cha kufuta cha nini? Nilijisifu hata kwa busara hiyo. Ofisini tulikunywa nayo chai.

Kaka akanigeukia, taratibu, kama anapokagua kamba iliyoanza kukatika. "Mdogo wangu, kwenye lifti zangu mtu anabonyeza mara ishirini. Anabonyeza kwa kidole, kwa kiwiko, wengine kwa mwavuli. Lifti inakuja mara moja. Chuma kile! Hakijasoma hata darasa moja!"

Nyuma yetu foleni ikacheka. Karani akaturudisha kwenye jambo lenyewe: hatukuwa peke yetu. Familia mia tatu na kumi na mbili zilikuwa na watoto wasiowajua. Bwana mmoja wa takwimu alikuwa amekuja wiki iliyotangulia, ameona idadi ya watoto ilivyopaa, amefurahi mno, na ameanza kuchora mahali pa kujenga shule.

Nikarudi juu ya matairi. Nikamweleza Mheshimiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaunganisha vidole vyake, akatoa kauli.

"Tatizo ni watu."

Dawa yake ilikuwa maandishi mekundu juu ya kitufe: BONYEZA MARA MOJA TU! Tukayaweka. Wiki hiyo watoto wa ziada waliongezeka. Nilizungumza na baba mmoja kwa simu, akaniambia alipoona wekundu ule aliingiwa na hofu kwamba ile mara yake ya kwanza hakuibonyeza vizuri, basi akabonyeza nyingine ya kuthibitisha.

Nikakifanya kitufe kififie kikishabonyezwa, kisibonyezeke tena. Hapo afadhali kidogo. Lakini ukurasa ukiganda watu waliufungua upya, na simu ikawauliza: unataka kutuma tena? Nani atakataa kutuma tena jambo la mwanawe? Wote walijibu ndiyo. Wazazi wazuri kabisa, kila mmoja wao, na mimi nikiwalaani kutoka ghorofa ya pili.

Ndipo nikapata wazo la kishujaa. Sheria fupi ndani ya seva, mistari kumi haifiki: mama mmoja, siku moja, mtoto mmoja. Likija ombi la pili la mama yule yule kwa siku ile ile, likataliwe. Nikaiweka Ijumaa mchana, nikampigia kaka, nikampigia na wifi, nikawaambia tatizo limekwisha kabisa. Shule ya msingi nilikaa dawati moja na pacha, miaka saba, mmoja kushoto kwangu na mwingine kulia. Siku ile hawakunijia akilini hata kidogo.

Sheria yangu iliishi siku tano. Jumatano asubuhi karani akanipigia. "Njoo. Usitume mtu. Njoo wewe."

Nilipofika, dirishani alisimama mwanamke mmoja mwenye mabega mapana, ovaroli imepauka magotini, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mikononi. Nilikuja kujua kuwa ni dereva wa lori la mizigo, yuko kwenye likizo ya uzazi. Karani akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ndiye."

Dereva akanipa simu yake nisome. Sikuhitaji kusoma, maneno niliyaandika mwenyewe: "Hongera! Ombi lako limekataliwa kwa kuwa mtoto huyu tayari yupo." Wakati ninayaandika niliyaona ya kirafiki. Niliweka hata alama ya mshangao.

"Tayari yupo," dereva akasema. "Ni kweli, yupo. Ndiyo maana nimekuja naye."

"Mama, hii ni hitilafu ndogo tu ya..."

"Huyu wa mgongoni alitoka saa nne na dakika tano. Huyu, saa nne na dakika kumi na tisa. Dakika kumi na nne, dada. Mimi nilikuwa najua kuna mwingine. Mkunga alikuwa anajua. Aliyekuwa anapiga deki nje alikuwa anajua. Nyinyi tu ndio hamkupata habari."

Nikasema tutalishughulikia. Ni neno zuri sana hilo, halijawahi kumshughulikia mtu.

"Jana kliniki wamemchoma sindano huyu wa mgongoni," akaendelea, na sauti yake haikupanda hata chembe. "Huyu wamemrudisha, hana namba. Watoto wangu wanalala kitanda kimoja. Mmoja ana kinga, mwingine hana. Niambie nimweleze nini. Au mwambie mwenyewe, mimi ataniona mwongo." Akanipa mtoto.

Nikampokea, ningefanyaje? Alikuwa macho, mwepesi kuliko Bonge, kichwa chake kinatosha kwenye kiganja changu. Watu kama ishirini kwenye foleni waliacha mazungumzo yao. Nilikuwa nimekataa maombi mia na hamsini kwa sheria ile, nikayaita "marudio", nikafurahi kuona hesabu yake ikipanda. Sasa rudio moja lilikuwa limenishika kidole na linanitazama bila haraka yoyote.

"Samahani," nikamwambia.

Mtoto akapiga chafya. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, dereva hakucheka. Akamchukua mwanawe, akamfuta pua. "Ijumaa nitakuwa hapa saa mbili," akasema, akaondoka.

Nilitaka kuondoka na mimi, lakini karani akafungua kile kimlango cha pembeni. "Pita ndani. Keti." Akaniweka kwenye kiti chake, akaenda kwenye rafu ya nyuma, akarudi na furushi la fomu za karatasi, zile walizotumia kabla sisi hatujaja kuwakomboa. Akalikung'uta vumbi karibu na uso wangu, sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

"Soma hapa pembeni."

Kila karatasi ilikuwa na namba yake, imepigwa chapa nyekundu kwenye kona ya juu.

"Mzazi akija, nampa fomu moja. Ana pacha, nampa mbili. Akiirudisha, naandika mtoto na naipiga muhuri namba ile. Sasa kuna wababa wana wasiwasi. Anarudi kesho, mama, ile fomu uliiona? Naangalia namba, ina muhuri. Namwambia nimeiona, mtoto wako yuko kitabuni, nenda nyumbani. Atarudi mara kumi, nitamjibu hivyo hivyo mara kumi. Sikuwahi kuandika mtoto mwingine kwa sababu baba ameuliza tena."

Nikakaa nimeishika karatasi ile. Jambo alilonieleza nilifundishwa chuoni mwaka wa pili. Lilikuja kwenye mtihani, nikalijibu vizuri, nikapata alama zote. Kisha nikapata kazi, nikapewa wiki sita, na mtu aliponiuliza swali lile lile la mtihani, nikamcheka.

"Ulitaka kuniambia hivi siku ile?" nikamuuliza.

"Siku ile ulikuwa huna masikio," karani akasema, akaniondoa kwenye kiti chake. Foleni ilikuwa inamngoja.

Nilimwambia Mheshimiwa nahitaji siku mbili na asiniite kwenye kikao chochote. Akasema mteja hajaomba mabadiliko hayo. Nikamwambia mteja aliomba siku ya kwanza kabisa, mbele yake, na sisi wawili tukajifanya viziwi. Akatazama huku na huku kama anatafuta mtu wa kumwunga mkono, akakuta wenzangu wawili wameinamia kompyuta zao kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililonichoma. Kila fomu ikifunguliwa, seva inaipa namba yake ya siri, kama ile ya kwenye kona ya karatasi. Fomu ikirudi, seva inaangalia namba: kama haijatumika, inaandika mtoto na kuipiga muhuri namba hiyo kwa pigo moja, ili mibonyezo miwili ikifika pamoja isipenye yote. Ikiwa imeshatumika, haikatai wala haifoki. Inarudisha jibu lile lile la kwanza, mtoto wako ameandikishwa, namba yake hii. Kisha mzazi anapelekwa kwenye ukurasa mwingine wa stakabadhi, hapo afungue na kufunga mpaka achoke, hazaliwi mtu. Na mwenye pacha ana kitufe chake: Andikisha mtoto mwingine wa uzazi huu, ambacho kinampa fomu mpya yenye namba mpya. Ile sheria yangu ya kishujaa nikaing'oa. Maandishi mekundu nikayafuta bila kuomba ruhusa.

Safari hii sikuijaribu ofisini. Alhamisi mchana nilimchukua kaka mpaka hospitali, kwenye benchi lile lile, mtandao ule ule unaopanda ngazi. Nikampa fomu ya majaribio, nikamwambia aiharibu. Akavunja vidole vyake, akaanza. Alibonyeza kama anayepiga ngoma. Akafungua upya, akarudi nyuma, akazima simu katikati, akaiwasha, akatuma tena, akaiegemeza simu kwenye paja akabonyeza kwa dole gumba la mkono mwingine. Mgonjwa mmoja aliyekaa karibu akasogea mbali kidogo. Nikafungua kompyuta yangu kuangalia. Mtoto mmoja.

Kaka akavuta pumzi. "Sasa umeifikia lifti," akasema. Tangu nimalize chuo sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Ijumaa saa mbili kamili dereva alikuwa dirishani na watoto wake wote wawili. Akajaza fomu ya yule wa pili akiwa amesimama. Akabonyeza. Kisha, bila kupepesa macho, akinitazama mimi na si simu, akabonyeza tena, na tena, na tena. Meseji ikaingia. Namba moja. Akaifungua tena, namba ile ile. Akaisoma mpaka mwisho kama mtu anayekagua breki kabla ya safari.

"Haya," akasema. Akaelekea kliniki. Hakunishukuru, na alikuwa na haki kabisa.

Wakabaki wale wasiokuwepo. Niliongeza sehemu ya tatu kwenye mfumo, ya kuondoa aliyeandikwa zaidi ya mara moja, na kwenye sababu nikaandika "kosa la mfumo". Karani akaniuliza mfumo ni nani na anakaa wapi. Nikabadilisha, nikaandika "kosa la watengenezaji". Utaratibu ulitaka mama wa mtoto afike mwenyewe, asomewe kila mstari, athibitishe.

Wifi alikuja na Bonge kifuani, kaka nyuma yake amebeba mkoba wa mtoto. Walikuwa wanataniana. Wifi alisema anakuja kuwaaga wanawe ambao hawakumsumbua hata siku moja, hawakulia, hawakunyonya, na kwamba anatamani wangebaki hao. Karani akavaa miwani, akasoma wa kwanza: jina kamili la mtoto, wa kike, amezaliwa tarehe fulani, saa fulani, mama yake ni wewe. "Unathibitisha kwamba mtoto huyu hayupo?"

"Nathibitisha," wifi akasema akicheka.

Wa pili, jina lile lile, saa ile ile, mama yake ni wewe. Unathibitisha kwamba mtoto huyu hayupo? Akathibitisha, kicheko kimepungua. Wa tatu alijibu kwa sauti ya chini. Wa nne ni Bonge mwenyewe, karani akamruka. Alipoanza kusoma wa tano, na jina la Bonge likatajwa tena, na lile "hayupo" likakaribia, wifi akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali," akasema. "Usilisome jina. Nisomee namba tu."

Kaka akaweka mkoba chini, akasogea, akasimama begani kwake. Mimi nilikuwa pembeni, nikalifunga faili langu na maelezo yangu yote. Karani akavua miwani yake, akaifuta, akairudisha. Akasoma tarakimu peke yake, polepole, mara tatu, na wifi akajibu mara tatu. Baadaye alituandikia barua ya kumpelekea nesi, akaipiga muhuri, akamkabidhi wifi kwa mikono miwili.

Mheshimiwa aliandika ripoti iliyosema malalamiko yameshuka kwa kiwango cha kuridhisha, na kwamba kampuni ndiyo iliyogundua tatizo. Bwana wa takwimu alipunguziwa watoto wake, nasikia alikaa siku nzima bila kula. Mimi karani alinipa sharti moja: familia zilizobaki, ambazo sasa zilipita mia tatu na hamsini, zikija kuthibitisha, nikae dirishani pembeni yake na niombe radhi kwa kila moja, kwa mdomo wangu. Mheshimiwa alisema hilo halimo kwenye mkataba. Nikaenda.

Ilichukua miezi mitatu. Wengine walinifokea, wengine walinihurumia, mmama mmoja alinipa somo refu la malezi. Karibu na mwisho akaja baba mmoja mwembamba, kofia mkononi, mwanawe wa kiume amelala begani. Kwenye skrini alikuwa na watoto kumi na mmoja. Nikamwomba radhi, nikamweleza kosa lilikuwa langu, nikamwambia tutawaondoa kumi sasa hivi.

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akainama karibu na kioo.

"Kabla hujawatoa," akaninong'oneza, "unaweza kunipa ile orodha kwenye karatasi? Mara moja tu. Wakwe zangu walikuwa wanasema sizai."

Nikamtazama karani. Karani akatazama dirishani, akaanza kuhangaika na uzi wa miwani yake kama mtu ambaye hajasikia lolote. Nikamchapia orodha yake.